Mahindi Niliyoyakana

Ngalula, mama,

Nilikupa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana tangu ulipokuwa wa kubebwa nakuita mama. Na wewe tangu ulipojua kusema umekuwa ukinijibu kama mama kweli, kwa ukali. Sasa hivi umeshuka mtaa wa Kikula, hapa hapa Likasi, kuaga wenzako wa korali ya kanisa na kununua kandambili. Umeme haupo, lakini jua bado linaingia dirishani, nami nimejipa mpaka litakapozama niwe nimemaliza karatasi hizi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kijijini Kapolowe kuishi kwa mjomba wako Mwape na kulima shamba aliloliacha mama yako.

Mambo ya chandarua, ya dawa na ya kufunga sanduku kwa kamba unayajua kunishinda, sitayagusa. Nataka kujibu swali lako la Jumapili. Uliniuliza: "Papa, na weye utakuja kuikala na siye ku Kapolowe?" Nikakohoa. Nina kikohozi cha kweli, kila mtu anajua, nilitoka nacho kwenye kiwanda cha shaba, lakini kile cha Jumapili kilikuwa cha uongo. Unataka jibu kabla hujapanda gari. Utalipata humuhumu. Ila mimi sijui kusema jambo kwa mkato, niache nizunguke kidogo.

Nianze na Jumapili yenyewe. Tulikuwa tumekaa mlangoni, mimi na Kabeya, rafiki yangu niliyeingia naye kiwandani wiki moja na tukatolewa siku moja. Akaona sanduku lako sebuleni, akauliza: "Mutoto anaenda wapi?" Nikajibu haraka kabla hujafungua mdomo: "Ku Lubumbashi. Ku université." Ulimi ulisema wenyewe, umezoea. Ukatoka nje na sufuria mkononi, ukasema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu: "Hapana, papa Kabeya. Naenda ku Kapolowe. Naenda kulima."

"Kulima? Na diplôme yote ile?"

"Mahindi haikatalake diplôme, papa."

Kabeya alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka, kwa sababu asiyecheka pale angejulikana ameumia. Lakini niliumia, mama. Niliumia kwa kuwa ulinisahihisha mbele ya rafiki yangu, nikaumia zaidi nilipoona huna haya hata chembe. Mimi katika umri wako ningeona haya. Hata leo, na mvi zote hizi, bado naona.

Kwetu sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, jembe halikuwa chombo cha kazi, lilikuwa tusi. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kwa gari-moshi, kijana asiye na ndevu, kuja kuchimba shaba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu alipewa koleo na kofia ya chuma, akapewa na nyumba ya matofali, hii ninamoandikia, na kila wiki mkewe alipimiwa unga, samaki wakavu na mafuta kwenye duka la kambi. Sisi watoto wake tulizaliwa hospitali ya kampuni, tukasoma shule ya kampuni, tukacheza na mpira wa kampuni. Hata kuamka hatukuamka wenyewe: king'ora kililia, na wanaume wote wa kambi wakatoka milangoni pamoja. Mtoto mvivu darasani alitishwa kwa maneno mawili: "Utaenda kulima!" Hapakuwa na tishio kubwa kuliko hilo. Watu wa Kikula, waliojijengea vibanda vyao na kuuza nyanya kwa mafungu, tuliwaonea huruma. Hatukujua kwamba wao walikuwa wanajifunza kuishi, na sisi tulikuwa tunafugwa.

Kisha nikamwoa mama yako, binti wa Kapolowe, ambaye watu wake wana ardhi. Kambi nzima ilimhurumia kwa kuwa ametoka shamba. Yeye naye aliishangaa kambi nzima kwa kununua hata majani ya maboga. Walimpeleka kwenye masomo ya wake wa wafanyakazi, wakamfundisha kushona vitambaa vya meza na kuoka keki. Alijua vyote upesi. Lakini nyuma ya nyumba, penye maua, alipanda maharage kimyakimya, na msimamizi wa kambi alipoyaona akaamuru yang'olewe, maana yalikuwa yanaharibu sura ya avenyu, barabara yetu ya kambi. Niliyang'oa mimi. Mama yako alisimama dirishani akiniangalia, na jioni akapika sombe, majani ya mihogo ya kununua.

Wakati wa kufukuzana ulipofika, sisi wa asili ya Kasai tulipoambiwa turudi kwetu, ndugu zangu wengi walipanda gari-moshi kurudi Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakupata kupaona. Mimi nilibaki kwa ajili ya mama yako. Nasema hivyo, na ni kweli, lakini nilibaki pia kwa ajili ya kiwanda. Kilikuwa kimeanza kuchoka. Mshahara ulichelewa mwezi, ukachelewa msimu, mwisho ukawa hadithi ya kusimuliana. Siku ya kututoa walitukusanya uwanjani, mkubwa mmoja akapanda juu ya meza, akasema mitambo itatengenezwa upya, twende nyumbani tukakae tayari. "Mutaitwa," alisema. Alishuka mezani akaenda zake, na mimi neno hilo nimelifanya chakula miaka yote hii.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ulipozaliwa ulinikuta hivyo: kila Jumatatu navaa salopeti, ovaroli yangu ya kazi, iliyopigwa pasi, naenda kusimama getini na wenzangu, tunaulizana habari, tunarudi. Tulikuwa na kazi moja tu, kukaa tayari. Kuna maneno yanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tulitegemea cha mtu ambaye hakuwa hata ndugu.

Njaa ilipoingia, mama yako ndiye aliyesema. "Kuko shamba ya watu yangu. Niende." Nikamwambia mke wa mtu wa kampuni halimi. Akaniuliza: "Haya ya jembe uko nayo, haya ya njala hauna?" Nikatoa sharti. Aende, lakini avenyu isijue.

Hapo ulianza mchezo ambao nadhani hauwezi kuchezwa mahali pengine duniani. Mama yako aliuchomoa mpini wa jembe. Mpini ulilala Kapolowe, umefichwa majanini, na chuma kikawa kinasafiri ndani ya mkoba wa kanisani, juu yake Biblia, juu ya Biblia kitambaa. Alfajiri alitoka amevaa kama mtu wa maombi. Kumbe hakuwa peke yake! Mke wa Kabeya naye aliokoka wiki ileile. Haukupita msimu, wanawake wa avenyu yetu wakawa wacha Mungu kuliko masista: maombi ya alfajiri, mikesha, mifungo, wote na mikoba mizito. Mchungaji mmoja alikuja kuuliza ni kanisa gani hilo linalomwibia waumini. Sisi wanaume tulijua. Kila mmoja alijua lake na la jirani yake, na jioni tulikaa pamoja tukizisifu imani za wake zetu.

Cheka, mama, hata mimi nacheka ninapoandika. Lakini alichovuna kiliingia nyumbani kidogokidogo, kiasi cha kutosha mkoba. Kilichobaki kilibaki kwa Mwape, kikaliwa na panya au kikauzwa bei ya kutupa kwa wenye malori. Hapa nyumbani tulikula kwa zamu, leo wewe, kesho sisi. Watu wakaipa zamu hiyo jina la délestage, kama mgao wa umeme. Ulikuwa unaniuliza asubuhi, "Papa, leo ni délestage ya nani?" na nilikujibu kwa mzaha, maana sikuweza kukujibu kwa namna nyingine.

Sasa nifike pale unapojua nitafika.

Ulikuwa umeanza shule. Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri, mahindi yakajaa. Mwape hakujua mchezo wetu, au aliujua akauchoka. Alikodi pikapu, akapakia magunia, akaja nayo hapa mchana kweupe, watu wote wakiwa nje. Mimi nilikuwa nacheza drafti kwenye kivuli cha ukuta wa Kabeya, nimevaa salopeti yangu safi. Gari likasimama mbele yetu. Mwape akashuka, vumbi tupu, akanyoosha mkono. "Shemeji, mahindi ya dada njo hii. Tushushe wapi?"

Wanaume wote waliinua macho kwenye drafti, wakaniangalia. Ngalula, kila mmoja wao alikuwa na jembe ndani ya nyumba yake. Nililijua hilo, na bado sikuweza.

"Umekosea nyumba, ndugu," nikasema. "Hapa hatulimake."

Wewe ulikuwa mlangoni. Ulipiga kelele, "Mujomba! Mujomba Mwape!" ukaja mbio. Nikakushika mkono, nikawaambia wenzangu, "Huyu mutoto eko anaita kila mutu mujomba." Wengine wakacheka. Mwape alikuangalia wewe, akaniangalia mimi, akapanda gari na kumwambia dereva ageuze. Gunia moja lilikuwa limetoboka, punje zikabaki barabarani, na kuku wa Kabeya wakaja kuzidonoa. Ile ilikuwa zamu yako ya kula, na hukula.

Mama yako aliporudi, habari ilikuwa imetangulia. Nilingoja ugomvi, na ningeushukuru. Alikaa, akavua viatu, akasema polepole: "Ile mahindi nililima na mikono yangu. Njo ile unakatala mbele ya bantu?" Akatoa chuma cha jembe mkobani, akakiweka mezani juu ya kitambaa alichokishona mwenyewe, kikakaa hapo na udongo wake. Asubuhi alingoja mpaka jua limepanda, mpaka wote wametoka nje, ndipo akatoka na chuma kile mkononi wazi, akisalimia kila mlango, jina kwa jina. Juma lililofuata mke wa Kabeya akatoka naye. Wakafuata wengine mmojammoja, na kanisa lile likafa bila mchungaji kulizika.

Mimi peke yangu sikutoka. Alikuwa akirudi na mihogo kichwani, nami nakuwa nimeshaondoka kwa mlango wa nyuma. Mara moja tu aliniomba nimsaidie kuvuna, mgongo ulikuwa unamuuma. Nilimjibu, "Na ba kiwanda bakiita siku ile?" Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda. Hakuniomba tena.

Homa ilipomchukua ulikuwa na miaka kumi na miwili, na uliona yote, sina haja ya kukusimulia. Sijui kama ni kazi iliyommaliza. Najua tu kwamba alifanya kazi ya watu wawili, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Siku ya kilio uwanja ulijaa. Mimi nilikuwa nimekaa chini ukutani, na nilikuwa na hofu moja ndani ya majonzi yale yote: Mwape. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya pikapu. Akafika mchana na ndugu zake, wamebeba magunia ya mahindi ya kulisha waombolezaji. Hakuingia. Alisimama pale mlangoni, gunia begani, akapaza sauti juu ya vilio vya wanawake:

"Hodi! Hapa njo nyumba ya dada yangu? Ao nimekosea nyumba?"

Unajua shemeji ana ruhusa ya kutania kwenye kilio, hata kwa maneno ya kukata. Watu wakacheka, ndivyo ilivyo desturi, na wenye kulia wakapata kupumua. Wale wazee wa drafti walicheka kwa kuinamisha vichwa. Mimi nilisimama. Nikasema, "Ni hapa, shemeji. Siku ile pia ilikuwaka hapa."

Akashusha gunia, akanikumbatia, tukalia kama watoto. Hakunisamehe kwa maneno, wala sikuomba kwa maneno. Tulikula bukari, ugali wa mahindi yale, mimi na yeye kwenye sahani moja, na sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Kesho yake tulimpeleka mama yako Kapolowe kwa watu wake. Baada ya kumzika, Mwape akaniongoza nyuma ya nyumba kunionyesha shamba. Mistari ilinyooka mpaka kwenye miti. Pembeni alikuwa ameacha kipande cha maharage, aina ileile niliyoing'oa kambini. Nilikuwa nimekula kutoka mahali pale miaka yote hiyo, na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kupaona.

Ndiyo maana sikukuzuia ulipoamua. Lakini kwanza nilikuacha ufanye kosa langu, na hilo pia nalijua. Ulipopata diplôme nilikuambia upeleke karatasi zako kwenye ofisi za wageni wa migodi, na nilikupigia pasi ile blauzi nyeupe mimi mwenyewe. Wakakuambia utaitwa. Kusikia tu neno hilo moyo wangu uliruka kwa furaha, mjinga mimi! Ukaanza kutembea na simu mkononi hata chooni. Ukawa unaipeleka Kikula kuichaji, unakaa kuilinda isije ikaita bila wewe. Nilikuona unavyokonda. Malori ya madini yanapita hapa mbele mchana kutwa, yanatupaka vumbi mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, nyaya za umeme zinapita juu ya paa letu kwenda migodini, na wewe umekaa katikati ya utajiri huo wote unalinda simu isiyoita. Mwishowe jioni moja ukaizima mbele yangu, ukasema: "Papa, miye sitangoja tena. Weye ulishangoja juu ya siye bote."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara kadhaa. Hujawahi kuniambia neno lililoniingia kama hilo.

Nimefikiri sana nikuambie nini cha kubeba, nikaona mengi ninayojua ni ya mtu aliyeshindwa. Hata hivyo moja nina hakika nalo. Umaskini wenyewe haukunivunja. Kilichonivunja ni kujifanya sinao. Tungeweza kula pamoja, avenyu nzima, mchana, mahindi ya wake zetu, tukawa maskini wenye shibe. Badala yake kila mmoja alifunga mlango akafa njaa kwa heshima.

Na yule jirani yetu mnunuzi wa madini, aliyenunua nyumba tatu akazizungushia ukuta wa chupa zilizovunjwa, usimchukie. Najua jenereta yake inapoanza kunguruma na sisi tuko gizani unasonya, nami nasonya. Lakini anavyotuangalia anaposhusha kioo cha gari, ndivyo hasa nilivyowaangalia watu wa Kikula nilipokuwa na unga wa kampuni. Macho yale nayafahamu, yalikuwa yangu. Ukipata siku moja ghala lililojaa, na nakuombea upate, jihadhari na macho hayo.

Sasa jua limefika ukutani, na bado sijakujibu.

Mwape amekwisha kuchoma matofali. Ameniletea habari kwa mdomo wako kwamba chumba cha pili, kile changu, kinaweza kuezekwa kabla ya mvua, niseme tu. Ulipokuwa unaniambia macho yako yalikuwa yanang'aa, ulikuwa umeshapanga na kitanda kitakaa wapi. Kapolowe si mbali. Mtu anaondoka hapa asubuhi na kabla ya chakula cha mchana ameshafika. Kwa hiyo siwezi kusingizia njia.

Nikisema ni kwa sababu ya nyumba hii, kwamba nikiondoka jirani atairukia, nitakuwa nimedanganya. Nikisema ni kifua, itakuwa nusu. Nikisema naona haya kulala hatua chache kutoka kaburi la mama yako na kula tena jasho lake, hapo nitakuwa nimekaribia. Lakini ukweli wenyewe ni mbaya zaidi, na nina aibu kuuandika. Wiki iliyopita Kabeya alikuja na habari kwamba kuna wageni wamekagua tanuru la zamani la kiwanda. Wewe ulikuwa jikoni. Nilimwambia aache upuuzi. Alipoondoka nikafungua sanduku, nikaitoa salopeti, nikaangalia kama vifungo vyote vipo.

Bado nangoja, mama. Akili yangu inajua hakuna kitu, lakini mwili hautaki kusikia. Asubuhi naamka saa ileile, nakaa kitandani nikisikiliza king'ora. Nikija kwako nitakaa kwenye kibaraza chako nimegeuzia uso barabara ya Likasi, nikimuuliza kila mpita njia kama kuna habari, na wewe utakuwa unanipitia na jembe kila asubuhi kama alivyonipitia mama yako. Nimemfanyia hivyo mwanamke mmoja. Sitamfanyia wa pili.

Jumapili nilitaka kukujibu, "Nitakuja, tutaona, baada ya mvua." Ni maneno matamu, na kila baba angeyasema. Yalikuwa yamefika mdomoni, ndipo nikakohoa. Kwa sababu nilikujua. Ungeezeka chumba. Ungetandika kitanda. Kila gari la kutoka Likasi likisimama ungeinua kichwa shambani uone nani anashuka. Mvua ingepita, ungesema labda mvua ijayo, na miaka yako ingeenda hivyohivyo, ukiwa tayari.

Siji, Ngalula. Sitakuja kuishi huko, si mwaka huu, si baada ya mvua, si nikiugua. Mwambie mjomba wako yale matofali ajengee ghala. Neno hili linaniuma kuliko unavyofikiri.

Nasikia sauti yako huko chini barabarani, unacheka na wenzako, itabidi nikunje karatasi. Yule mkubwa aliyepanda mezani alijua. Siku ile ile alijua kwamba imekwisha. Angetuambia tu, tungelia siku moja, tungepiga kelele, tungemtupia mawe, na kesho yake tungechukua wake zetu na watoto wetu tukaenda kuanza mahali pengine tukiwa bado na nguvu. Hakutuonea huruma kiasi hicho. Mimi nakuonea.

Imekwisha, mama. Nenda. Usiningoje.

Baba yako